Bwana Ngiri Apamba Chumba cha Watoto

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa pana nini?
Pana shimo!
Shimoni mna nani?
Mna anayepamba na anayejipamba!

Basi kaeni vizuri. Anayetaka kupiga miayo apige sasa, maana nikishaanza sitamngoja mtu afunge mdomo.

Hapo kale, na si kale ya mbali sana kwa kuwa plastiki ilikwisha kuzaliwa, Muhanga alichimba shimo katika mbuga ya udongo mwekundu. Kwa kuchimba, Muhanga, yule mnyama mla mchwa, hana mpinzani. Alichimba ujia mfupi unaoteremka, na mwisho wa ujia akachimba chumba kikubwa cha kulaza watoto. Alipokwisha akakumbuka kuwa hana mke wala mtoto, akajipangusa pua, akaenda kuchimba kwingine. Ndivyo alivyo yule, kazi kwanza, akili baadaye.

Chumba kizuri hakikai bure. Jamaa mbili zikakigombea, na kwa kuwa hakuna iliyokubali kutoka, zikawa zinalaza watoto humo pamoja. Jamaa ya kwanza ilikuwa ya Bwana Ngiri, mwenye pembe mbili za kinywani zilizopinda kama mundu, vidutu usoni, na sauti ya mtu anayevuta meza sakafuni. Alikuwa na mke, Mama Ngiri, na watoto wanne. Wote wanne aliwaita Ngiri ili asisumbuke kukumbuka majina. Jamaa ya pili ilikuwa ya Bi Sange. Sange ni mnyama mdogo, panya-buku akikaa naye anaonekana bwana, na pua yake ni ndefu, haitulii, inanusa huku, inanusa kule. Mumewe alichukuliwa na Bundi. Alibaki na watoto wawili, Mwanapua na Kipua, na hao ndio aliokuwa nao duniani.

Sasa sikieni desturi ya Bwana Ngiri, maana bila hiyo hakuna ngano. Bwana Ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Huingia kinyumenyume. Anafika mlangoni, anageuka, anatanguliza makalio, anarudi nyuma kuru, kuru, kuru, mpaka tu, ametua. Baba yake aliingia hivyo, na babu yake aliingia hivyo, ili adui akija amkute na pembe usoni wala si mkia. Ni desturi ya maana. Ila ina kasoro moja, kwamba tangu azaliwe Bwana Ngiri hakuwahi kuona chumba chochote alichoingia. Aliona mlango tu na ukuta ulioushika mlango. Habari za kwingine aliletewa na makalio yake. Yakiona joto, alisema chumba kina joto. Yakichomwa, alisema kuna msumari.

Na desturi ya pili ilikuwa ya mashimo yote ya mbuga ile. Kabla ya masika, chumba cha watoto hupambwa. Kila jamaa huleta vitu vya kale, ili mtoto ajue katoka wapi, na vitu vipya, ili asione aibu ya alikotoka. Na sheria ni kwamba mtoto hulala chini ya pambo la kwao. Pambo likiwa ukuta wa nyuma, mtoto analala nyuma. Pambo likiwa mlangoni, mtoto analala mlangoni. Nani aliitunga sheria hiyo, hakuna ajuaye, na kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kuivunja.

Masika yaliyopita Bwana Ngiri alitundika vyake ukuta wa nyuma, wa kulia na wa kushoto. Bi Sange akabakiwa na ukuta wa mlango. Maji yaliteremka ujiani chururu, yakawakuta Mwanapua na Kipua wamelala, yakawaelesha kama makumbi ya nazi. Halafu Mbweha akapitisha mkono mlangoni, akapapasa, akamshika Kipua sikio. Sikio lilimponyoka kwa kuwa lilikuwa limelowa. Kipua akabaki na kikohozi mpaka jua kali, na tangu siku ile kila upepo ukivuma anaficha masikio. Bi Sange alijiapiza kwamba mwaka huu wanawe watalala nyuma, pakavu, hata ikibidi ajitundike yeye mwenyewe ukutani.

Basi mawingu yakaanza kujikusanya kule milimani. Bi Sange akatoa vitu vyake vya kale, vya bibi yake mzaa mama: kipande cha mkeka wa ukili uliofifia rangi, kifuu cha kuogeshea mtoto, na kiota kikuukuu cha ndege mnana cha kuning'iniza, ndani kina ganda la konokono linalolia kikitikisika. Kipya hakuwa nacho.

Bwana Ngiri hakuwa na cha kale, maana vya wazee wake alikwisha kuvila. Lakini watengeneza barabara walikuwa wamehama kambi yao, na yeye alifika kabla ya vumbi lao kutulia. Akaja na pazia jekundu la maua, beseni la plastiki la kijani, mfuniko wa sufuria unaong'aa mpaka macho yanauma, na kalenda yenye picha ya keki. Akavimwaga mlangoni, akasema ukuta wa nyuma ni wake, wa kulia ni wake, wa kushoto ni wake, na yule mwenye pua atundike matambara yake mlangoni kama mwaka jana.

Bi Sange akasema kwa adabu kwamba mwaka jana mtoto wake alishikwa sikio.

"Ana jingine," akasema Bwana Ngiri.

Akajaribu kutundika pazia, pembe zikalitoboa. Akajaribu kutundika kalenda, akaila kona moja kwa sababu ya ile keki. Ndipo akamwamuru Bi Sange atundike yeye, mwenye vidole vyembamba. Bi Sange akatundika kama alivyoambiwa, kila kipya nyuma na pembeni, kila cha kale mlangoni. Beseni likakaa sakafuni, chini ya pazia.

Bwana Ngiri akaja kukagua. Akageuka, akatanguliza makalio. Kuru, kuru, kuru, tu. Akatazama mbele yake. Akauona mkeka uliofifia, akakiona kifuu, akakiona kiota cha mnana.

"Vitu vyangu viko wapi?"

"Viko nyuma yako, Bwana," akasema Bi Sange.

Akajaribu kugeuza shingo. Shingo ya ngiri mnaijua, ile si shingo, ni bega lililokaza. Haikugeuka. Akasema basi makalio yatakwenda kuhakikisha. Akarudi nyuma kuru, kuru, mpaka akakalia beseni, nalo beseni likamshika. Pwa. Alipotoka nje lilitoka naye, limembana nyuma kama limeshonewa, na Ngiri wote wanne wakamfuata wakishangilia kwa kudhani baba yao kavaa. Mama Ngiri alilivuta kwa meno mpaka likaachia. Yule mama hupenda kuyaweka maneno yake kwa siku ya haja.

Bwana Ngiri alikasirika sana. Alilalamika kwamba amehangaika kambini, amechomwa na miba, ameleta vitu vipya vya kifahari, halafu anaingia katika chumba cha wanawe na kutazamana na tambara la bibi wa mtu mwingine.

Bi Sange, aliyekuwa anataka tu kelele ziishe, akasema, "Bwana, si uingie kwa kichwa mara moja tu, uvione?"

"Niingie kwa kichwa?" Bwana Ngiri akatetemeka vidutu. "Kama konokono? Makalio yangu yabaki nje, yasalimiane na wapita njia? Unajua mimi mtoto wa nani?"

Bi Sange akaomba radhi. Lakini pua yake, iliyokuwa inanusa huku na kule, ikasimama tuli. Akaingia shimoni, akaketi pale pale anapoketi Bwana Ngiri, akatazama anapotazama Bwana Ngiri. Akaona mlango. Akasema moyoni, kumbe huyu chumba chote kwake ni hapa.

Kulipokucha Bwana Ngiri akatoa amri mpya. Vitu vyake vyote vihamie ukuta wa mlango, mbele ya macho yake. Yale matambara ya Sange yapelekwe huko nyuma asikokuona.

"Lakini Bwana," Bi Sange akasema, "mlangoni ndiko kwetu. Tumekwisha kupazoea. Utatutoa kwetu?"

"Nawatoa."

Hapo Mama Ngiri akafungua mdomo. Alimkumbusha mumewe kwamba watoto hulala chini ya pambo la kwao, na kwamba masika yaliyopita maji yaliingilia mlangoni. Bwana Ngiri akatazama juu. Mawingu yalikuwa bado kule milimani, na hapa jua linachoma. Akamwuliza mkewe mvua iko wapi, aionyeshe. Mama Ngiri hakuweza kuionyesha, akaenda zake kuchimba mizizi.

Basi vikahamishwa. Bwana Ngiri akaja kukagua. Kuru, kuru, kuru, tu. Akaliona pazia jekundu limezunguka mlango, akaiona keki, akauona mfuniko wa sufuria, na ndani ya mfuniko akauona uso.

"Nani yule mzuri?"

"Ni wewe, Bwana."

Akaushangaa kwa muda mrefu, akauonyesha pembe ya kushoto, akauonyesha pembe ya kulia, akauaga. Akatangaza kwamba chumba sasa kimekuwa chumba. Siku ile Mwanapua na Kipua walilala nyuma kabisa, chini ya mkeka wa bibi, pakavu, na Bi Sange akaona mambo yamekwisha.

Hayakuisha. Mwenye tamaa humpi akatosheka, unampa akaangalia mkono wako mwingine una nini. Bwana Ngiri akawa anaingia kila saa kuutazama uso wake, na kila akiingia anasikia nyuma yake watoto wanacheka. Mwanapua anatikisa kiota, konokono analia ndani yake, ke-ke-ke, watoto wanacheka. Ngiri wote wanne nao wamehamia huko, wanacheka. Yeye haoni kitu. Akaanza kuwaza. Kama vile vya mbele vinamfurahisha hivi na anaviona, je, hivyo asivyoviona vikoje?

Akamwuliza Bi Sange nyuma kuna nini. Bi Sange akamjibu kweli tupu, kwamba ni mkeka uliochakaa, kifuu na kiota kilichohamwa. Kweli ikimfikia mtu wa namna ile huwa kama kumtia pilipili puani. Bwana Ngiri akasema kitu kibovu hakuna anayekificha nyuma ya mwenziwe, kwamba vya kale ndivyo vyenye heshima, vipya hata wenye barabara wanavitupa. Akaamuru vya kale navyo viletwe mlangoni. Vyote ni vyake. Na kwa kuwa Sange sasa hana pambo, na asiye na pambo hana ukuta, akalale nje na hao wanawe wenye masikio.

Hili Bi Sange hakulitarajia. Nje kuna Mbweha, juu kuna mawingu, na Kipua tayari ameyaficha masikio yake kwa mikono miwili. Akasimama mbele ya yale mapembe, pua inatetemeka, akajua kwamba akikosea neno moja amekosa wanawe.

"Bwana," akasema, "wewe ni mkubwa, na sheria unaijua kuliko mimi. Mtoto hulala wapi?"

"Chini ya pambo la kwao."

"Mapambo ya kale yamekuwa ya nani?"

"Yangu."

"Mapya?"

"Yangu."

"Kwa hiyo watoto wako watalala chini ya yote. Na mtoto asiye na pambo kabisa, sheria inamweka wapi?"

Bwana Ngiri akafikiri. Alipofikiri vidutu vyake vilipanda na kushuka. Sheria haikusema kitu, na yeye hakutaka kuonekana hajui.

"Pasipo na pambo," akasema.

"Pasipo na pambo ni wapi, Bwana? Usiniambie ni ule ukuta mtupu wa nyuma. Hauna pazia, hauna keki, hauna hata uso wa kutazama. Afadhali utuue."

"Ni huko huko," akasema Bwana Ngiri kwa utamu. "Mkae mtazame udongo mpaka mjifunze."

Bi Sange akalia kilio cha msibani. Akauvua mkeka, akakivua kifuu, akakivua kiota, akavitundika mlangoni juu ya pazia, akilia. Akawashika watoto mikono, akawapeleka kwenye ukuta mtupu, akilia. Akafika kwenye kona iliyo mbali kuliko zote na mlango, penye mchanga mkavu, akanyamaza.

Masika yakaingia siku ya pili yake, mchana kweupe. Mbingu zikapasuka, mvua ikashuka kwa ndoo. Maji yakauona ujia, yakateremka chururu, chururu. Ngiri wote wanne waliokuwa wamelazwa kwa heshima chini ya keki wakaruka, wakakimbilia ukuta mtupu, wakajitupa juu ya Mwanapua na Kipua, wakawa rundo moja la miguu na pua. Bi Sange akawasukuma kidogo, akapata nafasi yake. Mtoto wa mtu akilowa humwulizi pambo.

Bwana Ngiri akaja mbio, akaingia kinyumenyume. Hakuwaulizia watoto. Aliulizia mapambo. Pazia lilikuwa linatoa rangi, maji yanapita chini yake mekundu kama juisi ya rosela. Akapiga kelele kwamba vitu vyake vinaharibika.

Bi Sange akamshauri wavirudishe nyuma, pakavu. Pua yake ilikuwa imesimama tuli tena.

"Ila hutaviona," akaongeza. "Na Mbweha akitia mkono akakupunguzia kimoja kimoja, hutajua. Mimi nikikuhesabia, utasema nimekula mimi."

Bwana Ngiri akasema visirudi nyuma ng'o. Vibaki mlangoni, na maji yazuiwe.

Bi Sange akachukua beseni, akaliegemeza kwenye ujia. Maji yakalibeba. Akalikunja pazia, akalisukumiza. Maji yakalirudisha, akalitundika tena. Akakaa chini, akapumua kama fundi aliyeshindwa.

"Hapa panataka kitu kipana," akasema. "Kipana, kizito, kisichoogopa mvua, chenye pembe za kumtisha Mbweha. Sina. Kitu cha namna hiyo hapa kwetu hakipo. Ninavyomjua Kiboko, nadhani anaweza kututosha. Ngoja niende mtoni nikamwombe aje akae humu na mapambo."

"Kiboko?" Bwana Ngiri akasimamisha mkia. "Kiboko aje atazame uso kwenye mfuniko wangu?"

"Ana umbo, Bwana. Mlango unampendeza mwenye umbo."

"Mimi sina umbo?"

"Unalo. Lakini kazi hii ni ya kulowa, nawe mtoto wa wakubwa, utawezaje."

Hakuwahi kumaliza. Bwana Ngiri alikuwa amekwisha kutoka nje na kugeuka. Akatanguliza makalio ujiani kuru, kuru, na pale mlango wa chumba unapobana akajisukuma kwa nguvu zake zote. Tu. Akakaa kama kizibo katika chupa. Upepo ukakatika. Maji yakamfika kifuani, yakakosa pa kupita, yakamzunguka yakarudi yalikotoka. Ndani kukawa kukavu, kimya, na joto la mgongo wa mtu mkubwa.

Uso wake ulikuwa huko nje, mvua inaupiga pa, pa, pa. Makalio yake yalikuwa chumbani. Na mapambo yote, ya kale na mapya, yalikuwa ukutani nyuma yake, yamemzunguka kiuno kama shada.

"Yanaonekanaje?" akauliza kutoka huko nje.

"Yanapendeza sana, Bwana."

"Na keki?"

"Ipo, inapendeza."

"Mkiona Mbweha ameingia mniambie."

Wakamwahidi. Mbweha alikuja kweli, akakuta mlangoni pembe mbili na jicho kali juu yake. Akaamkia, akauliza hali ya nyumbani, akapita. Kipua, alipomsikia anakwenda zake, akatoa sikio moja nje ya mikono, kisha la pili.

Masika yote Bwana Ngiri alikaa pale. Mvua ikikatika alitoka kula, mvua ikianza alirudi mbio asije akawahiwa na Kiboko. Mama Ngiri, katika shimo la pembeni walikolala yeye na mumewe, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alilala amenyoosha miguu yote, na mtu alipomwuliza mumewe yuko wapi alijibu kwamba anapamba. Na ule mkia wa Bwana Ngiri, uliosimama chumbani kama mlingoti, watoto sita wakashauriana, wakauning'inizia kiota cha mnana. Kila Bwana Ngiri alipopiga chafya kwa baridi, konokono alilia ke-ke-ke, na chumba kizima kikacheka. Naye akisikia kicheko huko nje anatabasamu, mvua inamwingia mdomoni, anafurahi kwamba vitu vyake vinapendwa.

Sasa fundisho, maana wazee wenu wataniuliza fundisho liko wapi. Fundisho ni kwamba msiwe wajanja kwa majirani, watoto wangu, ujanja una adhabu. Bi Sange alimfanyia ujanja jirani yake, na tazameni alivyoadhibiwa: masika yote amekaa pakavu, wanawe wamenenepa, na mwenye nguvu kuliko wote mbugani anamlindia mlango bila kuambiwa. Kwa hiyo muwe kama Bwana Ngiri, msimamie mali zenu, wala msimsikilize mke.

Ngano imekula, imeshiba, imejilaza. Aliyeipenda na aiamshe kesho kwa watu wake. Asiyeipenda, sikumfunga kamba.